Trekta ya kwanza kwa shamba lenye miti na visiki

Vijana wengi wakinipigia, swali la kwanza ni "HP ngapi?" Mimi nauliza: shamba lina mteremko? Visiki umeng'oa? Kule Mufindi, ambako parachichi mara nyingi hupakana na miti ya mbao, trekta ndogo ya HP 25 hadi 40 inatosha kwa wengi. Ila chukua foo-wili, utelezi wa masika hauna mchezo. Kama visiki bado vipo, nunua plau ya diski. Diski hupanda juu ya kisiki na kushuka. Ya majembe hunasa.

Ninapokuwa mkali ni kwenye kuvuta magogo. Mnyororo funga kwenye ndoano ya chini kabisa nyuma, kamwe usifunge juu ya ekseli. Ukifunga juu na gogo likanasa, magurudumu ya mbele yananyanyuka, trekta inabinuka nyuma na kukulalia. Hata klachi hutaiwahi. Kwa hiyo ile ya mtumba ya bei poa, iliyokatwa chuma cha kinga nyuma ya kiti eti ipite chini ya matawi, mimi naikataa. Chuma kiwepo, na mkanda ufunge. Matawi utayapunguza kwa panga.