Kabla ya Kumlaumu Muuza Taa: Somo la Saketi kwa Wanafunzi wa Sekondari



Ndugu zangu, mnaonifahamu mnajua kuwa ninasoma masomo ya Kiislamu, si fizikia. Huenda mkashangaa kuniona katika toleo hili nikiandika habari za betri na waya. Sababu yake ni kosa nililolifanya mwenyewe. Nimeona nilieleze pamoja na somo lake, ili mwanafunzi wa sekondari asilirudie, na sisi tunaowafundisha tusilirudie pia.

Kila Jumamosi baadhi yetu huenda kufundisha vijana wa sekondari katika madrasa moja hapa Mbale. Mimi hufundisha Kiarabu na fiqhi. Jioni umeme hukatika mara kwa mara, na kijana mmoja wa kidato cha tatu akaazimia kututengenezea taa ya kusomea. Alinunua taa ndogo nyeupe za LED, akaziunga na betri nne ndogo za redio. Ya kwanza iliwaka kwa nguvu, kisha ikazima na haikuwaka tena. Ya pili vivyo hivyo. Ya tatu vivyo hivyo.

Aliniletea zote tatu mkononi. "Ustadhi, zimekufa zote. Nifanye nini?"

Nilizitazama, nikamjibu kama mtu anayejua: "Umeuziwa mbovu. Mrudishie mwenyewe."

Kijana alinisikiliza. Alikwenda dukani na kumwambia mzee yule, mbele ya wateja, kwamba anauza vitu vibovu na kwamba ustadhi wake ndiye aliyesema hivyo. Mzee hakugombana naye. Alichukua taa nyingine kutoka sanduku lile lile, akaiwasha, ikawaka vizuri. Kisha akamwambia, "Kamwulize ustadhi wako kama uliweka rezista."

Ujumbe huo uliponifikia nilikosa la kusema. Usiku ule niliazima kitabu cha fizikia cha sekondari kwa mwenzangu wa bwenini, nikaanza kusoma upya niliyoyaacha miaka kadhaa. Haya ndiyo niliyoyapata.

Mambo matatu ya kuyajua kwanza

Saketi ni njia ya mzunguko ambayo umeme hupita, ukitoka upande mmoja wa betri na kurudi upande wa pili. Njia ikikatika mahali popote, hakuna kinachopita. Kazi ya swichi ndiyo hiyo: kukata njia na kuiunga.

Fikiria tangi la maji lililowekwa juu ya mnara. Tangi likiwa juu zaidi, maji husukumwa kwa nguvu zaidi. Msukumo huo ndio mfano wa volteji, nayo hupimwa kwa volti. Maji yanayopita katika bomba kila sekunde ni mfano wa mkondo, nao hupimwa kwa ampea. Wembamba wa bomba unaoyazuia maji ni mfano wa ukinzani, nao hupimwa kwa omu.

Mjerumani Georg Simon Ohm, aliyewahi kuwa mwalimu wa sekondari mjini Cologne, alichapisha mwaka 1827 kanuni inayoyaunganisha mambo haya matatu:

Volteji = mkondo × ukinzani

Kwa hiyo ukiwa na mawili, la tatu unaweza kulitafuta. Ukitaka ukinzani, gawanya volteji kwa mkondo. Hesabu yenyewe ni kugawanya tu.

Kwa nini taa zilikufa

LED ni aina ya dayodi, yaani kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu. Ndiyo maana ina miguu miwili isiyolingana: mrefu huelekea chanya ya betri, mfupi huelekea hasi. Ukiigeuza haitawaka.

Tabia yake nyingine ndiyo iliyotuponza. LED nyeupe huhitaji volti 3 hivi ili iwake. Chini ya hapo karibu hakuna kinachopita. Juu ya hapo, volteji ikiongezeka kidogo tu, mkondo huongezeka sana. LED haina uwezo wa kujizuia yenyewe. Ukiipa inavyoweza kuvumilia, itadumu miaka. Ukiipa zaidi, itapokea zaidi mpaka iungue.

Sasa tazama saketi ya kijana wetu. Kila betri ina volti 1.5. Betri nne zikifuatana zinatoa volti 6. LED ilihitaji 3, ikapewa 6, na hapakuwa na kitu chochote cha kuuzuia mkondo. Taa hazikuwa mbovu hata kidogo. Tuliziua sisi.

Hesabu ya rezista

Rezista ni kifaa kidogo chenye miguu miwili ambacho kazi yake ni kuuzuia mkondo. Haina chanya wala hasi, kwa hiyo unaweza kuiweka upande wowote. Kuipata inayofaa kuna hatua tatu.

1. Tafuta volteji inayobaki. Betri 6, toa 3 za LED, zinabaki volti 3.
2. Amua mkondo. LED ndogo za kawaida huvumilia miliampea 20, yaani ampea 0.02.
3. Gawanya. 3 ÷ 0.02 = 150. Tunahitaji rezista ya omu 150.

Rezista nyingi hazikuandikwa namba. Zina mistari ya rangi, na kila rangi ni tarakimu: nyeusi 0, kahawia 1, nyekundu 2, rangi ya chungwa 3, njano 4, kijani 5, buluu 6, zambarau 7, kijivu 8, nyeupe 9. Katika rezista yenye mistari minne, miwili ya kwanza ni tarakimu, wa tatu ni idadi ya sifuri za kuongeza, na wa nne huonyesha kiasi ambacho kipimo kinaweza kupungua au kuzidi. Wa dhahabu maana yake ni asilimia 5. Basi omu 150 ni kahawia, kijani, kahawia: moja, tano, sifuri moja.

Jaribu mwenyewe kwa LED nyekundu, ambayo huhitaji volti 2 hivi. Zinabaki 4. Gawanya kwa 0.02, utapata 200. Dukani huenda usiipate ya 200, lakini ya 220 ni ya kawaida. Chukua hiyo. Siku zote ukikosa kipimo kamili, panda juu kidogo, usishuke. Ukipanda, mwanga utapungua kidogo. Ukishuka, unaweza kuiunguza taa.

Ukitaka taa zaidi ya moja

Kuna namna mbili za kuziunga. Ya kwanza ni kuzifuatanisha, moja nyuma ya nyingine katika njia moja. Hapo volteji hugawanywa. LED nyeupe mbili zitataka 3 na 3, jumla 6, na betri zetu zitabaki bila cha ziada. Betri zikichoka kidogo tu, mwanga unafifia. Na taa moja ikikatika, zote zinazima.

Ya pili ni sambamba: kila taa ina njia yake kutoka betrini, na kila moja ina rezista yake. Moja ikifa, nyingine zinaendelea. Lakini mkondo hujumlishwa. Taa tatu zitakula miliampea 60, na betri zitaisha mapema zaidi. Kwa taa ya madrasa tulichagua namna hii.

Kapasita, na onyo

Kapasita huhifadhi umeme kwa muda na kuuachia. Ukiwa na ya maikrofaradi 1000, iunge ili mguu mmoja uwe upande wa chanya na mwingine upande wa hasi, baada ya swichi na kabla ya rezista. Ukizima swichi, taa haitazima ghafla, itafifia taratibu. Kapasita ya aina hii ina chanya na hasi. Mstari ubavuni mwake huonyesha mguu wa hasi. Hakikisha pia volti zilizoandikwa juu yake zinazidi za betri. Ya volti 16 inatosha.

Hapa kuna onyo. Majaribio yote haya ni ya betri tu. Umeme wa ukutani hapa Uganda ni volti 240, nao huua. Usifungue chaja, televisheni wala amplifaya ya msikiti, hata ikiwa imechomolewa, kwa sababu kapasita kubwa ndani yake zinaweza kubaki na umeme baada ya kuchomolewa. Na usiunge chanya na hasi za betri kwa waya mtupu, kwani waya na betri hupata moto.

Nilivyorudi dukani

Jumamosi iliyofuata nilikwenda na kijana kwa mzee yule. Nilimsalimu, nikamwambia kuwa maneno yale yalikuwa yangu, kwamba niliyasema bila kujua, na kwamba ninaomba anisamehe. Nilisema hivyo mbele ya wateja waliokuwepo, maana naye alituhumiwa mbele ya wateja.

Akasema, "Mwanangu, yameisha. Mnataka rezista ngapi?"

Tulinunua tatu za omu 150 na taa tatu. Tuliziunga siku ile ile, na sasa umeme ukikatika darasa letu linaendelea.

Sisi wa masomo ya dini tunafundishwa kuhakikisha habari kabla ya kumhukumu mtu. Nilidhani jambo hilo ni la mambo makubwa, ya ushahidi na ya kesi. Siku ile hesabu ya mistari miwili ingetosha kuilinda heshima ya mzee mmoja, nami sikuifanya. Kijana alinijia na swali la fizikia. Ningemjibu "sijui, tutafute pamoja," nisingepungukiwa na kitu.

Wabillahi tawfiq.