Umeshatuma Maombi ya Chuo, Kisha Ukaona Kosa

 Wenye maswali ya wachumba na ya ngozi mnisubiri wiki ijayo, kwa sababu ujumbe mwingi uliofika safari hii una kilio kimoja: dada, nimeshatuma maombi ya chuo, nimekuja kukagua nimekuta nimekosea, je, ndiyo basi tena? Mmoja wenu ameandika saa nane usiku. Kwa baridi hii ya Kimandolu, Arusha, mtu anayekesha hadi saa nane akihesabu tarakimu za namba yake ya mtihani ana mzigo moyoni, na mimi nauona.

Hapana, siyo basi tena. Makosa mengi ya fomu yana dawa. Kinachowaponza watoto wengi wa huku kwetu ni aibu ya kosa kuliko kosa lenyewe. Binti anajua mama ameuza ndizi Tengeru kupata ada ya maombi, anajua baba ameshawaambia watu kanisani kwamba mwanangu anakwenda chuo kikuu, basi anaona bora anyamaze na kuomba Mungu lisionekane. Siku zinapita. Na katika jambo hili siku ndiyo kila kitu. Kwa hiyo kabla hujalia, jiulize swali moja: fomu yangu iko wapi sasa hivi?

Kuanzia mwaka 2010 maombi ya vyuo vikuu yalipita kwenye mfumo mmoja wa TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu. Mwaka 2017 mambo yalibadilika, sasa unaomba moja kwa moja chuoni. Maana yake ni kwamba kila chuo ulichoomba kina fomu yako, kina akaunti yako, na kina ofisi yake ya udahili. Ukiomba vyuo vitatu umekosea mara tatu, na utasahihisha mara tatu. Dirisha la maombi likifungwa, chuo kinachagua watu wake na kupeleka majina TCU, na huko ndiko wanakoonekana waliochaguliwa chuo zaidi ya kimoja. Dirisha likiwa bado wazi, ingia kwenye akaunti yako ukaangalie kama mfumo unakuruhusu kurekebisha mwenyewe. Vyuo vingi vinaruhusu kubadili machaguo ya kozi na mpangilio wake. Dirisha likishafungwa lakini majina hayajaenda, mtu wako ni afisa udahili. Majina yakishaenda, bado zipo njia, ila zinapungua. Unaona sasa kwa nini nasema usinyamaze?

Tuje kwenye makosa yenyewe. Mengine wala yasikuondolee usingizi. Umeandika jina la kata vibaya, umekosea sanduku la posta la shule, umesahau jina la kati la mjomba uliyemweka kama ndugu wa karibu: hayo utayasahihisha hata siku ya kujisajili. Linalonitisha mimi ni namba ya mtihani wa kidato cha nne. Mifumo ya vyuo inavuta matokeo yako Baraza la Mitihani, NECTA, kwa kutumia namba hiyo pamoja na mwaka. Tarakimu moja ikiteleza, yanakuja matokeo ya mtu mwingine kabisa. Ndiyo maana baada ya kuijaza, jina linalotokea kwenye kioo lisome lote, herufi kwa herufi, usilitupie jicho tu kwa sababu kijana wa steshenari ana foleni nyuma yako.

Na nyinyi mliorudia mtihani kama watahiniwa wa kujitegemea, hapa nawaomba mkae karibu. Mna namba mbili, ile ya shule inayoanza na S na ile ya kujitegemea inayoanza na P. Kuna anayeombea chuo kwa namba ya P kwa sababu ndiyo yenye credit ya hesabu, halafu mkopo anauombea kwa namba ya S kwa sababu ndiyo aliyoikariri. Bodi ya Mikopo, HESLB, imekuwa ikisisitiza kwamba namba ya kidato cha nne unayoombea mkopo iwe ile ile uliyoombea chuo, kwa sababu namba hiyo ndiyo inayowaunganisha nyinyi wawili: wewe mwenye chuo na wewe mwenye shida ya ada. Zikitofautiana, kwao mko watu wawili, mmoja amechaguliwa na hana mkopo, mwingine ana maombi ya mkopo na hana chuo. Kama ndivyo ulivyofanya, lirekebishe hilo kabla ya lingine lolote. Mitihani yako yote uliyokaa itaje pale fomu inapouliza. Kurudia mtihani si siri wala si dhambi.

Kosa la pili kwa uzito wengi hawalihesabu kabisa kuwa ni kosa, nalo ni namba ya simu. Wengi mnaombea steshenari hapo barabara ya Moshi, huna simu janja, una kitochi ambacho chaji imeisha, basi kijana wa steshenari anakusaidia kwa kuweka namba yake, barua pepe yake na nywila aliyoitunga mwenyewe. Amekusaidia kwa nia njema, simlaumu. Lakini ukichaguliwa chuo zaidi ya kimoja, ile namba ya siri ya kuthibitisha chuo unachokitaka inatumwa kwa ujumbe mfupi. Itakwenda kwenye simu ya nani? Rudi kesho asubuhi. Mwombe kwa heshima mbadilishe namba, barua pepe na nywila mkiwa wote wawili mbele ya kompyuta, na nywila mpya uiandike kwenye daftari lako nyumbani. Laini iwe iliyosajiliwa kwa jina lako au la mzazi, siyo ya rafiki ambaye mtagombana Septemba.

Sasa kuna jambo nakukataza kabisa: usifungue akaunti ya pili chuo kile kile ili kulifunika kosa la kwanza. Najua linavyovutia. Unasema ngoja nianze upya, safari hii nijaze vizuri. Chuo kitaona mtu mmoja mwenye maombi mawili yanayopingana, na hapo kosa la kuteleza linaanza kufanana na udanganyifu. Fomu yenye doa na barua ya kujieleza ina heshima kuliko fomu mbili safi zisizosema kitu kimoja.

Barua hiyo iwe fupi. Afisa udahili wakati huu ana mafuriko ya barua, usimwanzie na historia ya familia. Mwandikie hivi: “Mimi ni mwombaji wa shahada ya kwanza kwa mwaka huu wa masomo. Namba yangu ya mtihani wa kidato cha nne ni hii. Nilituma maombi tarehe hii. Baada ya kutuma nimebaini kuwa niliandika hivi, wakati sahihi ni hivi. Naomba taarifa hiyo irekebishwe. Nimeambatanisha nakala ya cheti kinachothibitisha.” Jina, simu, basi. Iende kwa barua pepe ya udahili inayoonekana kwenye tovuti ya chuo, na siyo kwenye kundi la WhatsApp lenye nembo ya chuo. Siku tatu zikipita kimya, piga simu, taja tarehe uliyotuma. Kama chuo ni cha hapa hapa, Chuo cha Uhasibu Njiro, Chuo cha Ufundi, Makumira au Maendeleo ya Jamii Tengeru, panda daladala uende mwenyewe na vyeti vyako mkononi. Unamsalimia mtu wa mapokezi, unaeleza shida yako kwa utulivu, na hutoki mpaka umejua jina la ofisi inayoshughulika nayo. Wa kozi za afya ngazi ya cheti na diploma mnaoomba kupitia mfumo wa pamoja wa NACTVET, nyinyi ndio msipoteze nauli chuoni kwanza. NACTVET ina ofisi ya kanda hapa Arusha.

Kuna na wanaopita njia ya kwenda ng'ambo. Mnaoomba Marekani kwa kutumia Common App, jueni kwamba fomu ikishakwenda kwenye chuo fulani haibadiliki tena kwa chuo hicho. Unaweza kuisahihisha kwa ajili ya vyuo ambavyo hujavitumia bado, na kile ulichokwisha kukitumia unakiandikia ofisi yake ya udahili. Barua ni ile ile niliyowaandikia hapo juu, kwa Kiingereza.

Na kama kosa lako ni la kozi? Umechagua uhandisi wakati pointi zako zinakataa, au umefuata mkumbo wa marafiki. Kiwango cha chini cha jumla kwa mhitimu wa kidato cha sita ni ufaulu mkuu wa masomo mawili yenye jumla ya pointi 4.0, lakini kila kozi ina masharti yake ya ziada, na yote yameandikwa kwenye mwongozo wa udahili ambao TCU huutoa kila mwaka. Usome huo, usisome hadithi za kijiweni. Usipochaguliwa awamu ya kwanza, awamu ya pili ikifunguliwa unaomba upya, safari hii ukiwa na akili iliyotulia. Kama umechaguliwa na kwa papara umethibitisha chuo usichokitaka, ingia kwenye akaunti ya chuo hicho ughairi uthibitisho wakati muda wake bado upo. Hata baada ya kusajiliwa kuna uhamisho, ila uwe na sifa za ile kozi unayohamia.

Mkopo nao una makosa yake, na hapa Kimandolu naona moja linajirudia kuliko yote: kurasa za sahihi. Fomu inachapishwa, inasainiwa na serikali ya mtaa, inasainiwa na kamishna wa viapo, halafu ndiyo inapakiwa tena kwenye mfumo. Watu wanapakia ukurasa usio na muhuri, au picha iliyopigwa gizani isiyosomeka. HESLB kwa miaka kadhaa imekuwa ikiwapa waombaji wenye kasoro siku chache za kurekebisha baada ya dirisha kufungwa. Siku chache, narudia, na taarifa inakuja kwenye akaunti yako. Asiyeingia kwenye akaunti hajui kama ameitwa. Ile 30,000 ya maombi umeshalipa, usikubali mtu yeyote akuambie ulipe tena kwake ili “akuingizie marekebisho”. Hao ni vishoka. HESLB ina ofisi ya kanda Arusha, nenda ukaulize pale kwa mdomo wako.

Halafu majina. Huku kwetu mlimani jambo hili lina mizizi. Mtoto amebatizwa jina moja, ameandikishwa shule kwa jina la babu, na cheti cha kuzaliwa kimekuja kutafutwa baada ya kidato cha sita kwa ajili ya mkopo tu. Pallangyo wa cheti cha NECTA ana l mbili, wa cheti cha kuzaliwa cha RITA ana moja. Mollel, vivyo hivyo. Laizer kwa z, Laiser kwa s. Kwenye maombi ya chuo fuata jina lililo kwenye cheti cha mtihani, hata kama babu atanuna. Pale ambapo cheti cha kuzaliwa kinatofautiana nalo, nenda kwa wakili akuandalie hati ya kiapo kwamba majina hayo mawili ni ya mtu mmoja, na kama kosa ni la RITA omba walisahihishe. Usikikwangue cheti. Usimpe kijana mwenye kompyuta “akirekebishe”.

Hapo ndipo ninapotofautisha kukosea na kudanganya, na nitasema wazi. Ukiandika C badala ya D kwa kuteleza, unaandika barua na mambo yanaisha. Ukiandika kwamba wewe ni yatima ili upate mkopo, na mama yako yuko hai anakupikia ndizi jioni, hilo sina barua ya kukuandikia. Kalifute leo, kabla mtu hajaliona. Kuna mtoto wa Suye au Moshono ambaye kweli hana wazazi, na fungu unalolitaka ni lake.

Wadogo wa kidato cha nne, sijawasahau. Tahasusi mliyojaza shuleni kabla ya mtihani si pingu. Baada ya matokeo kutoka, TAMISEMI hufungua mfumo wa Selform kwa muda ili mbadilishe machaguo. Mwaka 2024 tahasusi ziliongezwa hadi 65 kutoka 16, kwa hiyo aliyejaza PCB kwa kutokujua kingine sasa ana pa kuchagua. Kaeni na mwalimu wa taaluma mwangalie alama zenu, siyo ndoto za shangazi.

Na yule wa saa nane usiku: nimesoma ulichoandika. Ni tarakimu moja, na dirisha lako bado halijafungwa. Asubuhi mwambie mama kwanza, kabla ya kwenda steshenari. Atasema maneno, utayasikiliza, kisha mtakwenda wote. Beba cheti cha kidato cha nne, beba daftari, na simu iwe imejaa chaji.