Fanya Juu: Somo Kutoka Vilima vya Mbooni

Huenda umewahi kudhani kwamba Kiswahili hukopa tu maneno ya wengine na chenyewe hakikopeshi. Hebu chukua vitabu vya Kiingereza vinavyofunza kuhifadhi udongo. Katika vingi utakuta maneno "fanya juu" yameandikwa hivyo hivyo bila kutafsiriwa. Hata Ethiopia, ambako Kiswahili si lugha yao, maafisa wa kilimo huyatumia. Maneno haya yalipata sifa kwa jasho la watu wa Ukambani. Katika makala hii nitaeleza maana yake, historia yake na kwa nini yanatuhusu sisi wanafunzi.

MAHALI PENYEWE

Mbooni ni vilima katika Kaunti ya Makueni. Hadi mwaka wa 1992 Makueni ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Machakos. Huku juu karibu na Kikima kuna baridi, na watu hupanda kahawa, migomba, mahindi na maharagwe. Ukiteremka kuelekea Tawa, joto huongezeka na mashamba huwa ya mbaazi, kunde na ndengu. Mvua tunayoitegemea zaidi ni ile ya Oktoba hadi Desemba. Ile ya Machi hadi Mei hutuhadaa mara nyingi.

Mashamba yetu ni madogo, tena yameinama kama paa la nyumba. Mvua kubwa ya saa moja tu yaweza kuuchukua udongo wa juu wenye rutuba na kuupeleka mtoni. Udongo ukishakwenda haurudi.

FANYA JUU NI NINI?

Mwalimu wa sarufi huenda akauliza, "Fanya nini juu?" Jibu ni udongo. Mkulima huchimba mtaro unaokata mteremko, wenye upana wa sentimita 60 hivi na kina kama hicho. Udongo anaouchimba huutupa upande wa juu wa mtaro, ukawa tuta. Kati ya tuta na mtaro huacha nafasi ndogo ili udongo usiporomoke tena ndani. Akiutupa upande wa chini, hiyo ni fanya chini.

Fanya chini ni rahisi, kwa maana udongo hushuka wenyewe. Kurusha udongo juu huumiza mgongo, lakini faida yake ni kubwa. Maji yakiteremka na udongo, tuta huuzuia udongo ukae pale pale shambani. Mwaka baada ya mwaka shamba hujisawazisha lenyewe, hata mwishowe mlima unakuwa kama ngazi.

Mambo matatu yazingatiwe:

(a) Mtaro upimwe kwa kamba na pimamaji, si kwa macho. Ukiinama upande mmoja, maji yote yatakimbilia huko na kupasua tuta.

(b) Mteremko ukiwa mkali, matuta yakaribiane.

(c) Tuta lipandwe nyasi, kama vile nepia au makarikari. Mizizi hushika udongo, na ng'ombe hupata chakula. Ndani ya mtaro watu hupanda migomba, kwa kuwa maji hukaa hapo.

HISTORIA FUPI

Katika miaka ya 1930 maofisa wa serikali ya kikoloni walisema ardhi ya Machakos inakufa, na wakalaumu mifugo. Mwaka wa 1938 waliwalazimisha Wakamba kupunguza ng'ombe wao. Watu wakaongozwa na Muindi Mbingu hadi Nairobi kudai haki kwa Gavana. Muindi alikamatwa akapelekwa kizuizini Lamu, lakini serikali ilibidi iache kuuza ng'ombe kwa nguvu. Leo mtaa mmoja katikati ya Nairobi una jina lake.

Baadaye watu walilazimishwa kuchimba matuta. Kazi ya kusukumwa haina moyo, na mengi ya matuta hayo hayakudumu. Fanya juu ilienea watu walipoona wenyewe faida yake, hasa tangu miaka ya 1950 na baada ya Uhuru. Mwaka wa 1994 watafiti Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walitoa kitabu kuhusu Machakos ya zamani. Walionyesha kwamba watu waliongezeka kutoka kama 240,000 mwanzoni mwa miaka ya 1930 hadi karibu milioni 1.4 kufikia 1990, na bado mmomonyoko ulipungua. Yaani ile ardhi iliyosemwa inakufa ilikuwa inalisha watu zaidi ya mara tano.

MWETHYA

Matuta hayo yalichimbwa na nani? Kwa Kikamba kikundi cha kusaidiana huitwa mwethya. Majirani, wengi wao akina mama, hukusanyika na majembe, sururu na mabeleshi. Leo wanachimba kwako, wiki ijayo kwa mwingine. Nyanya yangu alikuwa katika kikundi kama hicho. Nilipomwuliza walilipwa pesa ngapi, alicheka akasema, "Mjukuu wangu, tulilipana migongo."

HATARI YA SASA

Tatizo ni kwamba matuta yanazeeka na wachimbaji wanazeeka pia. Vijana wengi wako Nairobi au kwenye boda boda. Juu ya shamba letu kuna shamba ambalo wenyewe hawaishi hapa. Matuta yake yalipasuka, hakuna aliyeyaziba. Msimu uliopita maji yalishuka kutoka huko yakavunja matuta yetu matatu kwa usiku mmoja. Mahindi tuliyotarajia kuuza ili karo yangu ilipwe yalifunikwa na mchanga. Baba aliyatengeneza matuta yetu, lakini lile shamba la juu bado liko vile vile, na mvua ya Oktoba haingoji mtu.

Hapa ndipo penye fundisho. Ua la boma ni la mwenye boma, lakini tuta si la mtu mmoja. Maji hayajui mpaka wala hati ya shamba. Aliye juu akizembea, aliye chini hulia. Ndiyo sababu mwethya hauna budi kurudi, na sisi vijana tuwemo.

Sisi wa shule ya kutwa tuna bahati, kwani jioni tuko nyumbani. Napendekeza kila likizo ya Agosti wanachama wa chama chetu wanaotoka kijiji kimoja wajitolee siku mbili kuziba matuta yaliyopasuka, kwa ruhusa ya wenye mashamba. Kuziba tundu dogo ni kazi ya asubuhi moja. Kuchimba tuta upya ni kazi ya siku nyingi. Wahenga hawakukosea waliposema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Taja tofauti mbili kati ya fanya juu na fanya chini.
2. Kwa nini mtaro hupimwa kwa pimamaji?
3. "Tulilipana migongo." Eleza maana ya maneno haya.
4. Nenda shambani kwenu jioni ya leo. Je, ni matuta mangapi yamepasuka, na maji yake yataelekea kwa nani?