Prosesa Asilimia 30, Mbona Sauti Inakatika?

Chama chetu hurekodi mashairi na nyimbo kwa kipakatalishi kimoja tu, na mara nyingine sauti hutoka ikikwaruza na kukatika. Hapo utasikia, "Mashine imezeeka, tuchangishane tununue nyingine!" Lakini ukifungua Task Manager ya Windows unaona prosesa inatumika asilimia 30 tu. Je, hizo 70 zimeenda wapi? Kabla hatujawaendea wazazi kuomba pesa, hebu tujifunze kuzisoma namba hizi.

Kwanza, namba hiyo ni wastani. Prosesa ya siku hizi ina viini kadhaa. Chukua mfano wa jikoni penye wapishi wanne. Mmoja anasonga ugali wa shule nzima, jasho likimtiririka. Watatu wameketi wakipiga gumzo. Kwa wastani jiko linatumia asilimia 25 ya nguvu zake, lakini huyo mmoja amefika mwisho. Vivyo hivyo, sauti moja iliyopangiwa madoido mengi kama mwangwi haigawiki kwa viini vyote, kwani kila doido husubiri kazi ya lililotangulia. Ukitaka kuona kila kiini, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ingia Performance, bofya grafu ya CPU kwa kitufe cha kulia, kisha uchague grafu ya "Logical processors". Wenye Mac nao wasishtuke: Activity Monitor huhesabu kila kiini kuwa asilimia 100, hivyo programu moja yaweza kuonyesha 250.

Pili, muziki una kengele. Kwa kawaida kila sekunde ya sauti huwa na sampuli 44,100. Programu huzishughulikia kwa mafungu yaitwayo bafa. Bafa ikiwa ya sampuli 256, gawanya kwa 44,100: unapata milisekunde 5.8 hivi. Kazi ya fungu lazima iishe ndani ya muda huo. Kengele ikilia chakula hakijaiva, sauti hukatika! Task Manager, kwa kawaida, hubadilisha namba zake kila sekunde moja, kwa hivyo kuchelewa kwa milisekunde mbili tatu hakuonekani humo.

Tatu, tazama kipimo cha programu yenyewe. Ableton Live huwa nacho juu upande wa kulia. Katika REAPER fungua Performance Meter usome RT CPU. Vipimo hivi huhusu kazi ya sauti, si kila kitu kinachoendelea ndani ya mashine. Ndiyo maana havilingani na Task Manager, na wala si kasoro. Kwa REAPER, kazi ikichukua milisekunde 2.9 kati ya zile 5.8, hiyo ni asilimia 50. Ikikaribia 100, jihadhari.

Sasa tiba. Unapochanganya sauti zilizokwisha rekodiwa, ongeza bafa hadi 1,024, yaani milisekunde 23 hivi. Anayeimba huku akijisikiliza kupitia programu, mrudishie 128, la sivyo atasikia sauti yake ikichelewa. Wimbo ukiwa na ala nyingi, tumia Freeze kwa zile zilizokamilika ili zisikokotolewe upya kila mara. Funga programu usizozihitaji. Aidha, chomeka chaja, kwa maana vipakatalishi vingi hupunguza kasi ya prosesa vikitumia betri.

Zoezi: bafa ni 512, na kazi ya sauti huchukua milisekunde 8.7. Kipimo kitasoma ngapi? Gawanya 512 kwa 44,100 upate milisekunde 11.6, kisha 8.7 kwa 11.6. Jibu ni asilimia 75. Mashine bado inaweza, ila ukiongeza madoido mazito mambo huenda yakaharibika.

Basi, ndugu zangu, kuuliza si ujinga. Tukiuliza kipimo kinachofaa, huenda pesa za mchango zikanunua maikrofoni.