MSETO WA DATA: PROGRAMU NYINGI KATIKA CHUNGU KIMOJA

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu, mwanachama wa Chama cha Kiswahili

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa kidole kimoja hakivunji chawa. Methali hii twaitumia sana katika insha za umoja. Leo nataka kuitumia katika jambo ambalo wengi hudhani ni la watu wa Nairobi na wa ng'ambo peke yao, yaani kompyuta. Katika makala haya nitaeleza jinsi data na programu mbalimbali zinavyounganishwa ili zimfae mfanyabiashara. Nitatoa mifano ya hapa kwetu Kenya, kisha nionyeshe jambo hili lina maana gani kwa mtu wa Ganze anayepeleka mbuzi wake soko la Bamba.

Maana ya mseto

Kila mtu wa pwani aujua mseto. Mchele na choroko hutiwa chungu kimoja, kikatoka chakula kingine kabisa. Data nazo ni vivyo hivyo. Data ni taarifa zilizopangwa: bei, tarehe, mahali, idadi. Programu ni maagizo yanayoiambia kompyuta ifanye nini na taarifa hizo. Mtu akichukua ramani ya huyu, bei za yule na njia ya malipo ya mwingine, akaziunganisha zikatokea katika ukurasa mmoja wa tovuti, huyo amepika mseto wa data.

Mwaka 2005 huko Marekani, Paul Rademacher alichukua matangazo ya nyumba kutoka tovuti ya Craigslist akayaweka juu ya ramani za Google. Akaita kazi yake HousingMaps. Hakuchora ramani wala hakuandika matangazo. Alichofanya ni kuunganisha tu, na ghafla mtafuta nyumba akaweza kuona bei na mtaa kwa pamoja. Mwaka huohuo Google ikafungua njia rasmi ya watu wengine kutumia ramani zake.

Dirisha la programu

Sasa basi, programu mbili zisizojuana huongeaje? Fikiria duka lenye dirisha la nondo. Mteja haingii ndani kujipakulia sukari. Husimama dirishani, akataja anachotaka, akapewa hicho tu. Kampuni kubwa nazo zimeweka dirisha la namna hiyo kwa ajili ya programu za wenzao. Programu ya nje huomba kwa utaratibu uliowekwa, huonyesha kitambulisho chake, nayo hupewa jibu. Ghala lenyewe halifunguliwi.

Safaricom ilizindua M-Pesa mwezi wa Machi 2007. Dirisha lake la sasa linaitwa Daraja, na hakika jina limekaa pahali pake. Tuseme mtu ananunua magunia mawili ya mahindi katika tovuti ya duka. Mambo huenda hivi:

1. Programu ya duka hupeleka kupitia Daraja nambari ya simu ya mteja na kiasi cha pesa.
2. Safaricom humtumia mteja ombi kwenye simu yake.
3. Mteja hutia nambari yake ya siri. Duka halioni nambari hiyo hata kidogo.
4. Safaricom huirudishia programu ya duka jibu: amelipa au hakulipa, pamoja na nambari ya risiti.
5. Programu ya duka hupunguza magunia mawili katika hesabu ya ghala na kuandika mauzo kitabuni.

Hayo yote ni sekunde chache tu. Mwenye duka hakuhitaji kuanzisha benki yake.

Mifano mingine ya Kenya

Mnamo Januari 2008, katika machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, Wakenya na marafiki zao walitengeneza tovuti iitwayo Ushahidi. Miongoni mwao walikuwamo Ory Okolloh, Juliana Rotich, Erik Hersman na David Kobia. Watu walituma habari za vurugu kwa ujumbe wa simu na kwa intaneti, zikawekwa juu ya ramani. Haikuwa biashara, lakini ni mseto kamili, na mwaka 2010 programu hiyohiyo ilitumika Haiti baada ya tetemeko la ardhi. Neno letu la Kiswahili likavuka bahari!

Mwaka 2010 mabinti watatu, Jamila Abass, Susan Oguya na Linda Kwamboka, walianzisha M-Farm. Mkulima alituma ujumbe mfupi akapata bei ya mazao sokoni. Kabla ya hapo mkulima alitegemea bei ya dalali aliyesimama mbele yake, naye dalali, kama mjuavyo, hasemi bei inayomuumiza.

Mbuzi na mahindi

Hapa ndipo penye kiini cha makala yangu. Wengi wetu Ganze ada ya shule hutoka zizini. Katika ukame mkali ulioanza mwishoni mwa 2020 ukaendelea hadi mapema 2023, mjomba wangu aliuza mbuzi mmoja mmoja kila mahindi yalipokwisha. Kila mara aliambiwa bei ya siku ile, akakubali. Hakuwa mjinga, la hasha. Alikuwa na taarifa moja tu mkononi, na mnunuzi alikuwa nazo tano.

Tufanye hesabu. Nambari hizi ni za mfano. Mbuzi auzwe shilingi 4,000 na mahindi yawe shilingi 50 kwa kilo. Mbuzi huyo ni sawa na kilo 80 za mahindi. Ukame ukizidi, mbuzi hukonda na wauzaji huwa wengi, bei ishuke hadi 2,400. Wakati huohuo mahindi yapande hadi 80 kwa kilo. Mbuzi yuleyule sasa ni kilo 30. Ukitazama bei ya mbuzi peke yake utaona amepoteza chini ya nusu ya thamani. Ukiunganisha bei mbili utaona chakula kimepungua zaidi ya nusu. Ukweli huo haumo katika bei yoyote moja. Umo katika mseto.

Mamlaka ya Kitaifa ya Kudhibiti Ukame, NDMA, hufanya hesabu ya namna hii katika taarifa zake za kila mwezi za kaunti 23 kame, na Kilifi imo. Huchanganya bei za sokoni na habari za mvua, maji na malisho. Malisho hupimwa kwa setilaiti, ambayo hutazama ukijani wa ardhi. Ukijani wa mwezi huu hulinganishwa na ule wa chini kabisa na wa juu kabisa uliowahi kupimwa pahali hapo wakati kama huo. Kama wa chini ni 0.2, wa juu 0.6 na wa sasa 0.3, basi tumepanda 0.1 kati ya 0.4, yaani asilimia 25. Kipimo kikiwa kati ya 20 na 35 huhesabiwa kuwa ukame wa wastani. Kikishuka chini ya 10, huo ni ukame uliokithiri.

Mfugaji akiona malisho yanashuka mwezi hadi mwezi, anaweza kuuza mbuzi wawili mapema wakiwa wanono, anunue mahindi kabla hayajapanda. Akingoja, atauza wanne kwa bei ya wawili.

Masharti ya mseto mzuri

Kwanza, vipimo viwe sawa. Huku mmoja husema kibaba, mwingine debe, mwingine kilo. Ukizichanganya bila kuzigeuza, jibu ni upuuzi. Beberu mkubwa pia asihesabiwe bei moja na mtoto wa mbuzi.

Pili, tarehe na mahali viandikwe. Bei ya wiki jana Mariakani si bei ya leo Bamba.

Tatu, chanzo kiaminike. Samaki mmoja akioza, wote wameoza. Taarifa moja ya uongo huharibu ukurasa mzima, na ubaya ni kwamba ukurasa wenyewe bado unapendeza macho.

Hatari zake

Anayetegemea dirisha la mwenziwe yuko chini ya mwenye duka. Mwaka 2018 Google ilibadilisha malipo ya ramani zake, na wengi waliozitumia wakajikuta na gharama kubwa. Hatari nyingine ni siri za watu. Ukiunganisha nambari ya simu, makazi na idadi ya mbuzi wa mtu, umemchorea mwizi ramani. Kwa hiyo Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Tena kuna shida yetu ya mtandao: huku kwetu kuna pahali mtu hupanda kilima ndipo apate simu. Mseto ulio katika tovuti tu haumfikii huyo. Lazima na ujumbe mfupi uwepo.

Hitimisho

Walimu wetu na wanafunzi wenzangu, sisi ni wanafunzi wa kutwa. Kila jioni tunatawanyika vijijini, na asubuhi tunakusanyika tena. Wa bweni hawana nafasi hiyo. Napendekeza chama chetu kianze na daftari moja lenye safu tano: tarehe, soko, aina ya mbuzi na bei yake, bei ya kilo ya mahindi, na kilo ngapi mbuzi mmoja anapata. Wa Bamba alete ya Bamba, wa Vitengeni ya Vitengeni, wa Jaribuni ya Jaribuni. Kila Ijumaa hesabu ibandikwe ubaoni, nasi tuipeleke nyumbani kwa mdomo. Kompyuta zikipatikana, data itakuwa tayari. Haba na haba hujaza kibaba.

Maswali ya kujipima

1. Mbuzi auzwa shilingi 4,500 na mahindi shilingi 60 kwa kilo. Anapata kilo ngapi?
2. Kwa nini duka halifai kujua nambari ya siri ya mteja?
3. Taja taarifa mbili ambazo ukiziunganisha zitamfaa muuza makaa au mwenye bodaboda. Eleza.