Mzazi Akikubana: Mipaka ya Upendo na Uhuru wa Moyo Wako

Mpendwa kijana, leo tujifunze jambo ambalo vijana wengi wa kwetu Mara, kuanzia Musoma mjini hadi Bunda na Butiama, hulisema kwa kunong'ona baada ya kikao cha TYCS au VIWAWA: nyumbani nimebanwa mno.

Kwanza tutenganishe mambo mawili. Mzazi akikutaka urudi kabla ya giza, au akitaka kujua uko na nani, hiyo ni mipaka, na unaihitaji. Lakini kuna kubanwa kwa aina nyingine. Ukitoa maoni, unaambiwa huna shukrani. Ukikosea, husemeshwi wiki nzima. Ukilia, unaambiwa unajifanya. Hapo mzazi haongozi tena mwenendo wako. Anataka kutawala moyo.

Mwaka 1996 mtafiti wa Marekani, Brian Barber, alionesha tofauti hiyo. Vijana waliobanwa kwenye hisia na mawazo ndio waliokuwa na huzuni nzito zaidi ya ndani. Wale wasiofuatiliwa kabisa ndio walioelekea zaidi kwenye mwenendo mbaya. Kwa hiyo kuachwa tu ujiendee nako si dawa.

Mwaka 2000, Håkan Stattin na Margaret Kerr walichapisha utafiti wao juu ya vijana wa miaka 14 nchini Sweden. Waligundua kwamba mengi ambayo wazazi wanayajua kuhusu watoto wao waliambiwa na watoto wenyewe kwa hiari, sio kwa kuwachunguza. Hata huku tunaliona hili. Simu ikipekuliwa kila siku, meseji zinafutwa. Mtoto akiogopa kipigo, anajifunza uongo. Nyumbani ni mpole kama njiwa, akifika bweni ni mtu mwingine kabisa. Mzazi anadhani amemshika, kumbe ameshika kivuli.

Kanisa linasemaje? Mtume Paulo anawaonya akina baba wasiwachokoze watoto hadi wakate tamaa (Kol 3:21). Papa Fransisko, katika Amoris Laetitia (2016, namba 261), anafundisha kwamba mzazi hawezi kudhibiti kila hali ya maisha ya mtoto. Kazi yake ni kumsaidia akue katika uhuru wa kweli. Na Katekisimu (2230) inasema watoto wakishakuwa watu wazima wana haki na wajibu wa kuchagua kazi na hali yao ya maisha. Mzazi ashauri, asishinikize. Ndiyo maana ndoa iliyofungwa kwa kulazimishwa ni batili, na hakuna anayeruhusiwa kumlazimisha mtu kupokea upadre.

Mfano tunao hapa hapa Butiama. Mtumishi wa Mungu Julius Nyerere alikuwa mtoto wa Chifu Burito. Mwaka 1934 baba yake alimruhusu kwenda kusoma Mwisenge, Musoma. Baba huyo huyo, kwa desturi ya Wazanaki, alimposea mke kijana wake akiwa bado mwanafunzi. Burito alifariki mwaka 1942. Julius alibatizwa tarehe 23 Desemba 1943, akiwa na miaka 21, na mwaka 1953 akafunga ndoa na Maria Gabriel, mke aliyemchagua mwenyewe. Tunaweza kumheshimu mzee Burito kwa kumfungulia mwanawe mlango wa shule, na bado tukaona kwamba imani na ndoa ni maamuzi ambayo hakuna baba awezaye kumfanyia mwanawe.

Sasa wewe ufanye nini? Mtazame Yesu wa miaka 12 (Lk 2:41-52). Mama alimuuliza waziwazi kwa nini amewatendea vile, naye akajibu waziwazi. Kisha akarudi Nazareti akawatii. Swali lile halikuwa la kumwaibisha, na jibu halikuwa la kiburi. Jaribu hivi:

Kwanza, sema ukweli katika madogo. Mzazi akikukuta mkweli kwenye chenji ya dukani, atakuamini hata kwenye safari ya hija.

Pili, chagua saa. Usiongee mkiwa mmekasirika. Mwambie, "Baba, shikamoo, naomba tuongee kidogo," kisha eleza unavyojisikia bila kumhukumu. Ukishindwa, mtafute shangazi, mjomba au msimamizi wako wa ubatizo akusemee.

Tatu, jua mwisho wa utii. Katekisimu (2217) inasema usitii kama dhamiri inakuhakikishia kwamba unaloamriwa ni baya. Ukilazimishwa kuolewa, kukeketwa, au ukipigwa hadi kuumia, hiyo siyo "malezi". Mwone padre, katekista au mwalimu, nenda dawati la jinsia na watoto la polisi, au piga 116, namba ya huduma kwa mtoto. Kuomba msaada sio kuvunja amri ya nne.

Na kama huzuni imekukalia muda mrefu, hulali, huli, au unawaza kujidhuru, usibaki nayo peke yako. Mwambie mtu mzima unayemwamini leo hii, uende hospitali.

Tafakari: Ni jambo gani ninalomficha mzazi wangu kwa sababu ni baya, na lipi ninalificha kwa woga tu?

Tuombe: Bwana Yesu, uliyekua chini ya Maria na Yosefu, wafundishe wazazi wetu kutuamini, nasi utufundishe kuaminika. Amina.