Kubadilisha Plazima kwa Mtoto Aliyepooza

Huko Simbo, mkoani Kigoma, wakamuao mawese wajua kwamba mafuta, kwa kuwa ni mepesi, huelea juu ya maji. Kanuni iyo hiyo hutumika hospitalini kuitenganisha damu. Ikizungushwa kwa kasi mashineni, chembe zake nzito husukumwa upande wa nje, na plazima, yaani majimaji ya manjano, hubaki upande wa ndani.

Kwa nini itenganishwe? Mtoto aweza kuharisha, akapona, na baada ya siku au wiki chache miguu yake ikalegea. Udhaifu huo waweza kupanda hadi mikononi, hata kwenye misuli ya kupumulia. Ugonjwa huu ulielezwa Ufaransa mwaka 1916 na Guillain, Barré na Strohl. Hutokea pale kingamwili zilizokusudiwa kupigana na vijidudu zinapoishambulia mishipa ya fahamu. Kingamwili hizo zimo katika plazima. Basi plazima hutolewa, albumini hutiwa badala yake, na chembe za damu hurudishwa mwilini.

Jaribio

Tia vikombe 10 vya maji ya rangi ndooni. Chota kimoja, tia kimoja cha maji safi, kisha koroga. Kila mara hubaki sehemu 9 katika 10 za rangi iliyokuwamo; baada ya mara 10 hubaki asilimia 35 hivi. Tena, mwilini kingamwili nyingine zimo nje ya mishipa ya damu, nazo hurejea ndani. Ndiyo sababu tiba hurudiwa, aghalabu kwa kuruka siku.

Tahadhari

Polio nayo hulegeza viungo ghafla, lakini virusi vyake huua chembe za fahamu zenyewe. Kubadilisha plazima hakuzifufui. Mwaka 2023 polio ilipoonekana Rukwa, Kigoma ilikuwa miongoni mwa mikoa iliyochanja watoto wake. Kwa hiyo kila mtoto wa chini ya miaka 15 anayelegea ghafla aripotiwe mara moja, na choo chake kichukuliwe mara mbili katika siku 14 za kwanza. Asingojewe nyumbani: pumzi ikidhoofika, saa chache zaweza kuamua uhai wake.

Maswali

1. Ukirudia jaribio mara 20, rangi itabaki kiasi gani?
2. Kwa nini chembe za damu hurudishwa mwilini?